Zimwi Linapochekesha: Hadithi za Picha katika Kufundishia Utungaji

Utangulizi

Walimu wanafunzi warudipo chuoni kutoka katika mazoezi ya kufundisha, hutulalamikia jambo lile lile kila mwaka: kwamba utungaji ndio sehemu ngumu kuliko zote katika somo la Kiswahili shuleni. Mwalimu huandika kichwa cha habari ubaoni, "Safari Yangu" au "Siku ya Sikukuu", kisha hungoja. Wanafunzi huandika sentensi nne au tano, nazo hufanana darasa zima, kana kwamba wote walisafiri katika basi moja na kuketi kiti kimoja. Kumbe watoto hao hao, kengele ya mapumziko ilipogongwa, walikuwa wakisimuliana chini ya mwembe hadithi ndefu, zenye mpangilio mzuri na maneno ya kuvutia. Na aghalabu hadithi hizo ni za mazimwi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia moja tuliyoijaribu pamoja na walimu wanafunzi wetu katika shule moja ya msingi karibu na Mkumbara, wilayani Korogwe. Njia yenyewe ni kuwafanya wanafunzi wa Darasa la Tano watunge hadithi za picha ambamo jambo la kutisha hugeuzwa kuwa la kuchekesha. Tutaeleza kwanza asili ya hadithi za namna hiyo, kisha hatua tulizozifuata, halafu kosa tulilolifanya. Hilo la mwisho ndilo hasa lililotusukuma kuandika, kwa kuwa tungependa mwalimu anayeanza kazi asilirudie.

Hadithi ya picha ni nini?

Hadithi ya picha, ambayo wengi huiita katuni au kibonzo, ni masimulizi yanayoendelea kutoka kisanduku kimoja cha picha hadi kingine. Maneno ya wahusika huandikwa katika viputo vilivyochorwa karibu na vinywa vyao, na maelezo ya msimulizi huwekwa juu au chini ya kisanduku. Msomaji hupata sehemu ya habari kwa macho na sehemu kwa maneno, naye mwenyewe huunganisha yale yaliyotokea kati ya kisanduku na kisanduku.

Sanaa hii si ngeni kwetu. Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory alianza kuonekana katika gazeti la Uhuru mwaka 1967. Baadaye jarida la Sani liliwafanya akina Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi, Kipepe na mtoto mtundu Madenge wajulikane mijini na vijijini. James Gayo alimtoa Kingo. Mchoraji Mtanzania Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, aliandika upya visa vya Abunuwasi kwa picha, na kitabu chake kikachapishwa Nairobi mwaka 1996. Wapo pia wachoraji wa Dar es Salaam waliotoa vijitabu vya picha vya wachawi na mizimu. Kwa hiyo mwalimu akiingia darasani na hadithi ya picha, haingizi kitu kigeni; analeta mezani kitu ambacho mara nyingi kimefichwa chini ya dawati.

Mfano kutoka Marekani

Katika lundo la vitabu vya mitumba mjini Tanga tulikiona siku moja kijitabu cha picha cha Kimarekani kilichoitwa Bart Simpson's Treehouse of Horror, yaani kibanda cha juu ya mti ambamo Bart Simpson na wenzake husimuliana mambo ya kutisha. Mchapishaji wake aliitwa Bongo Comics. Wanachuo wetu walicheka walipoliona jina hilo, wakidhani ni kampuni ya Dar es Salaam. La hasha. Bongo huyo ni sungura mwenye sikio moja aliyebuniwa na mchoraji Matt Groening, ambaye pia ndiye aliyebuni mchezo wa televisheni wa vikaragosi uitwao The Simpsons, ulioanza kuoneshwa kama kipindi kamili mwaka 1989. Mchezo huo huchekesha kwa mambo ya familia moja: baba Homer, mlafi na mvivu, mama Marge, mvumilivu, na watoto watatu, Bart mtundu, Lisa mwerevu na Maggie mchanga.

Tarehe 25 Oktoba 1990 familia hiyo ilitolewa katika kipindi cha pekee cha Halloween. Hii ni desturi ya usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambapo watoto wa huko huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Kipindi kilipendwa, kikawa cha kila mwaka. Kuanzia mwaka 1995 kampuni ya Bongo ikatoa pia kijitabu cha picha cha namna hiyo mara moja kwa mwaka, hadi mwaka 2017. Kampuni yenyewe ilifungwa mwaka 2018.

Sisi hatukukipeleka kijitabu kile darasani. Lugha yake ni Kiingereza, na baadhi ya picha zake hazifai kwa watoto wa umri ule. Tulichokichukua ni ufundi wake tu, nao una mambo matatu ambayo mwalimu yafaa ayatambue.

La kwanza, hadithi inayoigwa inajulikana tayari. Katika kipindi cha mwaka 1990, kwa mfano, waliliiga shairi la Edgar Allan Poe la mwaka 1845 kuhusu kunguru anayemjia usiku mtu aliyefiwa. Mfiwa akawa Homer, na kunguru akapewa sura ya Bart. Anayelijua shairi hucheka kwa sababu anajua kilichopaswa kutokea. Asiyelijua hucheka kidogo tu. La pili, wahusika nao wanajulikana, pamoja na udhaifu wao wa kila siku. Mlafi atabaki mlafi hata mbele ya zimwi. La tatu, kitisho hupewa mwili na shida za kawaida: njaa, uchovu, aibu, kukosa nauli. Hapo ndipo hofu inapopungua.

Yafaa pia tujue kwamba kutisha na kuchekesha ni watoto wa nyumba moja. Huko New York katika miaka ya 1950, kampuni iliyoitwa EC, chini ya William Gaines, ilikuwa ikitoa vijitabu vya kutisha kama Tales from the Crypt. Na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha mwaka 1952 jarida la mizaha lililoitwa Mad. Mwaka 1954 wazazi na wataalamu walipolalamika kwamba vijitabu vya kutisha vinawaharibu watoto, kamati ndogo ya Baraza la Seneti ilifanya kikao cha kuchunguza, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali mwaka huo huo. Mwalimu atakayetumia njia hii hataepuka maswali kama yale kutoka kwa wazazi wa kijiji chake. Asiyadharau, maana baadhi yake ni ya haki, kama tutakavyoona.

Kitabu chenye vumbi

Katika kipindi hicho cha mwaka 1990 kilikuwamo kisa kimoja ambacho twaona kinafaa kusimuliwa na kila mwalimu wa Kiswahili. Viumbe wa sayari nyingine, Kang na Kodos, waliichukua familia ya Simpson katika chombo chao na kuilisha vyakula vitamu bila kiasi. Lisa akaanza kushuku: kwa nini tunanoneshwa? Akaingia jikoni, akakuta kitabu cha mapishi. Tukilitia jina la kitabu hicho katika Kiswahili, juu yake palisomeka: "Namna ya Kupika Watu". Lisa akapiga kelele. Lakini jalada lilikuwa na vumbi. Vumbi lilipopulizwa, jina likawa jingine: "Namna ya Kupikia Watu". Likapulizwa tena, likaonekana neno jingine, na hofu ikarudi: "Namna ya Kupika Watu Arobaini". Likapulizwa mara ya mwisho, pakasomeka jina kamili: "Namna ya Kupikia Watu Arobaini". Wenyeji walikuwa wakarimu kweli. Wakaumia sana kwa kushukiwa, wakawarudisha wageni wao nyumbani.

Katika Kiingereza mzaha ule unahitaji maneno mazima yafichwe na vumbi. Katika Kiswahili, tofauti kati ya kumpika mtu na kumpikia ni irabu moja tu, -i- ya kauli ya kutendea. Tumewahi kufundisha kauli hiyo kwa majedwali na mifano ya "soma, somea, lima, limia", wanafunzi wakasinzia. Tulipowasimulia kisa cha kitabu chenye vumbi, tukiandika jina lake ubaoni na kuifunika irabu kwa kiganja cha mkono, darasa zima liliamka. Mwanafunzi mmoja aliuliza mara moja: "Mwalimu, na kula na kulia je?" Swali hilo lilitupatia dakika kumi za mazoezi ambazo hatukuzitayarisha.

Wakati ule tulikiona kisa hiki kuwa zana nzuri ya sarufi, basi. Hatukutambua kwamba kilikuwa kinatuonya sisi wenyewe.

Somo lilivyofundishwa

Mkumbara iko chini ya milima ya Usambara, kando ya reli na barabara iendayo Moshi. Watoto wa shule tuliyokuwamo wanatoka katika nyumba za Wasambaa, Wazigua, na watu wa makabila mengi ambao babu zao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Nyumbani kila mmoja ana zimwi lake lenye jina lake. Shuleni, kwa Kiswahili, wote wanalo moja. Hiyo ni bahati kwa mwalimu.

Tulitumia vipindi vitatu vya dakika arobaini (40) kila kimoja.

Kipindi cha kwanza: kusimulia na kuchambua. Mwalimu mwanafunzi alisimulia hadithi ya zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma na kupita naye vijijini likimwimbisha ili lipewe chakula, mpaka wazazi wake walipoitambua sauti. Watoto wote waliijua, kila mmoja kwa namna yake. Kisha waliulizwa: Mambo yalitokea wapi? Msichana alikosea nini? Zimwi lilitaka nini? Hofu ilizidi wapi? Aliokokaje? Majibu matano yaliandikwa ubaoni. Hapo, bila kutaja istilahi yoyote, wanafunzi walikuwa wameuona muundo wa hadithi.

Kisha yakaja maswali ya kugeuza: Zimwi hilo likija Mkumbara leo, litapita njia gani? Litakula nini kama halikupata mtoto? Linaogopa nini? Likipanda basi, litakaa wapi na ngoma yake?

Kipindi cha pili: kuchora. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vya watu watanotano. Karatasi zilikuwa haba, hivyo tulitumia mifuko ya saruji iliyofunguliwa na kupanguswa, upande wake wa ndani. Kila kikundi kilichora visanduku vinne, na kila kiputo kiliruhusiwa maneno yasiyozidi kumi. Sharti hili la maneno kumi ni muhimu. Humlazimisha mtoto kuchagua neno, na kuchagua neno ndio utungaji wenyewe.

Kikundi kimoja kilikumbuka habari walizosimuliwa na wazee kuhusu waya uliojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya kuteremsha magogo kutoka msitu wa Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Katika kisanduku cha kwanza zimwi lilikuwa likitelemka kwenye waya huo, meno nje, ngoma mgongoni. Katika cha pili lilifika bondeni likakuta magogo hayapo, na watu wote wamekwenda sokoni. Katika cha tatu kondakta wa basi alikuwa akilidai nauli mbili, yake na ya ngoma. Katika cha nne zimwi liliketi chini ya mwembe likihesabu sarafu, na kiputo chake kilisema: "Mama alinikataza kushuka mlimani." Msomaji mwenzetu, hatukumfundisha mtoto yeyote kwamba katika mwigo wa mzaha yule mwenye kutisha hupewa shida ya yule anayetishwa. Waliligundua wenyewe.

Kipindi cha tatu: kuandika. Vikundi vilibadilishana karatasi, na kila mwanafunzi akaandika katika daftari hadithi ya kikundi kingine kwa maneno kamili, akigeuza usemi halisi wa viputo kuwa usemi wa taarifa. Kiputo kilichosema, "Nina njaa, nataka mtoto mnono," kikawa: "Zimwi lilisema kwamba lilikuwa na njaa na lilitaka mtoto mnono." Wanafunzi ambao wiki iliyotangulia waliandika sentensi nne, sasa waliandika ukurasa mzima.

LI- na A-

Mwalimu mwanafunzi aliposahihisha madaftari, aliweka alama nyekundu mahali pengi kwa kosa lile lile. Wanafunzi walianza wakiandika "zimwi lilitelemka", "zimwi liliuliza", lakini walipofika kisanduku cha mwisho wengi waliandika "zimwi alilia" na "zimwi alirudi kwao". Alituletea madaftari hayo akisema watoto hawajui upatanisho wa kisarufi.

Tulikaa naye tukayasoma upya. Katika Kiswahili sanifu majina ya viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-/WA-, hata yale yenye umbo la ngeli nyingine. Lakini tunapotaka kukuza, kutisha au kudunisha, hutumia LI-/YA-; ndiyo maana methali yetu husema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Watoto wale hawakukosea kwa ujinga. Zimwi lilipokuwa la kuogofya waliliita kwa LI-. Lilipoketi chini ya mwembe bila nauli, wakalihurumia, na sarufi yao ikabadilika pamoja na moyo wao. Kweli, katika hadithi moja mwandishi anapaswa kuwa na upatanisho mmoja, au kuwa na sababu ya kuubadili. Lakini kabla ya kuweka alama nyekundu yatupasa kumwuliza mtoto sababu yake.

Kosa letu

Katika kipindi hicho cha tatu kikundi kimoja kilibandika karatasi yake ubaoni. Hawakuchora zimwi la hadithi. Walichora mwanamke mzee mwenye macho mekundu, ameketi katika ungo unaoruka juu ya nyumba iliyo kando ya njia ya kwenda shamba la mkonge. Chini yake waliandika: "Lizee lile lina macho mekundu. Linakula watoto usiku." Darasa liliangua kicheko. Mwalimu mwanafunzi alicheka. Na sisi, tulioketi nyuma na fomu za tathmini, tulicheka pia, tukaandika: "Wanafunzi wamechangamka, wanashiriki vizuri."

Mwanafunzi mmoja alilaza kichwa juu ya dawati. Tulimwona, tukadhani amechoka.

Wakati wa mapumziko mwalimu wa darasa ndiye aliyetueleza. Nyumba iliyochorwa ilijulikana na kila mtoto. Bibi anayeishi humo ndiye anayemlea mwanafunzi yule. Macho yake ni mekundu kwa sababu kwa miaka mingi amepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, kama bibi zetu wengi. Kesho yake mtoto hakuja shuleni.

Mwalimu atakayeona kwamba tunalikuza jambo dogo na akumbuke historia ya nchi yetu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kuitwa wachawi, wengine kwa ushahidi usiozidi wekundu wa macho uliotokana na moshi. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 tulisikia mfululizo wa mauaji ya watu wenye ualbino, watu ambao hata jina walilopewa mitaani liliwaweka karibu na mizimu kuliko wanadamu. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoenea Pemba na kisha Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na katika taharuki ile watu wasio na hatia walishambuliwa. Popobawa mwenyewe baadaye aliingia katika katuni na mizaha, na hilo ni jema. Lakini waliopigwa walikuwa wamekwisha kupigwa.

Tuliiangalia tena ile karatasi. Watoto wale walikuwa wamefuata maelekezo yetu yote: visanduku vinne, maneno yasiyozidi kumi, kitisho na kicheko. Walichofanya ni kuugeuza mwendo. Wenzao walilichukua zimwi katika LI- wakalifikisha kwenye A-. Wao walimchukua mtu katika A- wakamshusha kwenye LI-, wakalipachika hata mbele ya jina lenyewe: "lizee". Nasi hatukuwa tumewapa neno lolote la kuwaonya. Kosa halikuwa lao wala la mwalimu mwanafunzi. Lilikuwa letu tulioliandaa somo.

Alasiri ya siku iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa bibi yule pamoja na mwalimu wa darasa na mwalimu mwanafunzi. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba na kutukaribisha mkekani. Tuliomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mjukuu wake anajua kusoma vizuri. Tukasema anajua sana. Akasema basi arudi shuleni, na akaendelea kupuliza moto. Hakuuliza habari za picha, nasi hatukuwa na la kuongeza.

Kisha mwalimu mwanafunzi akakirudia darasani kisa cha kitabu chenye vumbi. Safari hii hakuuliza habari za kauli ya kutendea peke yake. Aliuliza: Lisa alisoma nini? Alichosoma kilikuwa uongo? Nini kilikuwa bado hakijaonekana? Kikundi kile kiliomba karatasi yake, kikaichukua bila kusema neno. Siku chache baadaye mwanafunzi tuliyemsema aliwasilisha visanduku vyake vinne alivyovichora peke yake. Zimwi lake lilikuwa na macho mekundu. Katika kisanduku cha mwisho aliandika: "Zimwi alipuliza moto. Kuni zilikuwa mbichi."

Hapo hatukuweka alama nyekundu.

Kanuni za kufuata

Kutokana na hayo, twapendekeza mwalimu azingatie mambo yafuatayo:

1. Zimwi lichaguliwe na mwalimu kutoka katika hadithi inayojulikana na wote. Asiwaache watoto wachague "kitu chochote cha kutisha" katika kipindi cha kwanza.

2. Kabla ya kuchora, watoto waambiwe wazi: hatumchori mtu anayeishi, wala mzee, wala mgonjwa, wala mlemavu, wala mtu mwenye ualbino, wala nyumba ya mtu. Sababu itajwe, si katazo tupu.

3. Mwalimu apite kila kikundi na kuona picha kabla haijabandikwa ubaoni. Sisi hatukufanya hivyo.

4. Darasa linapocheka, mwalimu asitazame ubaoni. Atazame madawati, amtafute asiyecheka.

5. Mzazi au kiongozi wa dini akija kuuliza, mwalimu amwoneshe kazi za watoto na malengo ya somo. Akiwa na hoja ya haki, ikubaliwe.

6. Katika kupima, alama zisitolewe kwa uzuri wa mchoro. Zitolewe kwa mpangilio wa visanduku, uteuzi wa maneno katika viputo, na usahihi wa usemi wa taarifa.

Vifaa si kikwazo. Mfuko wa saruji, mkaa na chaki vyatosha. Pale ambapo hata hivyo havipo, visanduku vyaweza kuchorwa kwa kijiti katika uwanja wa shule, mvua isiponyesha.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba hadithi ya picha yenye kutisha na kuchekesha huamsha utungaji kwa sababu mtoto hutumia hadithi aliyo nayo tayari, huona muundo wake, na hulazimika kuchagua maneno. Tumeeleza pia kwamba kicheko ni chombo chenye makali pande mbili. Mwalimu anayekitumia hana budi kujua kinaelekezwa wapi, na kwa bahati nzuri lugha yetu yenyewe humwonesha: aangalie viambishi katika sentensi za wanafunzi wake.

Maswali ya kujadili na mazoezi

1. Chagua hadithi moja ya zimwi inayojulikana mahali unapotoka. Igawe katika sehemu tano kama tulivyofanya, kisha uandike maswali manne ya kugeuza.

2. Tayarisha andalio la somo la dakika arobaini la kufundishia kauli ya kutendea kwa kutumia kisa cha kitabu chenye vumbi. Tafuta vitenzi vingine vitano ambavyo irabu moja hubadili kabisa nani anatendwa na nani anatendewa.

3. Mwanafunzi ameandika: "Lile lijitu lilipita sokoni." Unamjuaje kama anasimulia hadithi au anamdharau jirani? Utamwuliza nini kabla ya kusahihisha?

4. Mkiwa wawili wawili, jadilini: ingekuwa wewe ndiye uliyesimama mbele ya darasa wakati picha ya ungo ilipobandikwa na kicheko kikaanza, ungefanya nini katika dakika ile ile, mbele ya watoto wote, akiwamo yule aliyelaza kichwa?